Ati Uganda ni ya kijani kuliko Norway

Meseji iliingia nikiwa nimesimama kwa Hajati, muuza makaa wa hapa Walukuba, Jinja, nasubiri anipimie makaa. Gunia lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Hajati ana kawaida yake, kabla hajaanza kuuza anachagua vipande viwili anavigonganisha karibu na sikio. Vikilia kwa sauti kali, ile ya chuma, basi huo ni mti mgumu, utawaka mpaka maharagwe yaive na maji ya kuoga yachemke. Vikitoa sauti ya bubu anakunja uso na kumtusi dereva wa lori ambaye saa hiyo ameshaondoka zamani, pengine anakaribia daraja la Karuma anarudi kaskazini.

"Ya leo mazuri mwanangu," akaniambia. "Chukua ya wiki nzima, sijui kama lori lingine litapita."

Mi nilikuwa nimeinamia simu. Jamaa mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp, wale tuliosoma pamoja, alikuwa ametuma ramani ya dunia ambayo kila nchi imepakwa rangi kulingana na sehemu ya nishati yake ambayo ni jadidifu, yaani inayojirudia, kama jua na maji. Ulaya kijani hafifu hafifu. Marekani hafifu zaidi. Nchi za Ghuba hata rangi hazina. Halafu huku kwetu, kuanzia Congo kuja Uganda mpaka Ethiopia, kijani kilichokolea. Uganda karibu asilimia 90. Chini yake jamaa kaandika: "Wazungu waje wajifunze kwetu." Watu wakaanza kumwaga bendera na makofi.

Hajati akafunga kaveera, kile kifuko cha plastiki cha makaa, akapangusa vidole vyeusi kwenye leso, akapokea elfu mbili yangu.

Tulikuwa tumesimama mwendo wa boda dakika chache tu kutoka bwawa la stima la Nalubaale, ambalo Malkia Elizabeth alikuja kulifungua mwaka 1954.

## Hiyo asilimia 90 inatoka wapi

Kwanza niliona fahari, mbona nifiche. Stima yetu karibu yote ni ya maji ya Nile: mabwawa ya Nalubaale na Kiira hapa Jinja, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma na megawati zake 600, iliyozinduliwa Septemba 2024. Ongeza sola za Soroti, Tororo na Gomba. Ongeza mabaki ya miwa ambayo kiwanda cha Kakira kinachoma, kinapata stima ya kujiendesha na nyingine kinaingiza kwenye gridi. Hatuna mtambo wa makaa ya mawe hata mmoja. Kwa hiyo nikasema sawa, hiyo ndo asilimia 90 yenyewe.

Siyo hiyo.

Stima yote hiyo ukiijumlisha ni kipande kidogo tu cha nishati tunayotumia nchi nzima. Petroli na dizeli za boda, matatu na malori ni kipande kingine. Kilichobaki, karibu sehemu 9 kati ya 10, ni kuni, makaa na mabaki ya shamba. Kumbe aliyetupaka kijani si Karuma, ni Hajati. Ni mafiga ya shangazi yangu kule Iganga, ni matanuri ya matofali kando ya kila barabara, ni shule za bweni zinazopika posho (ugali) kwa malori ya kuni kila muhula, ni samaki wanaobanikwa kwa moshi kule Masese. Kwenye hesabu za kimataifa mti unaota tena, kwa hiyo kuni ni jadidifu, basi, hakuna anayeuliza zaidi. Congo ya Kinshasa iko juu yetu kwa sababu hiyo hiyo. Norway ambayo stima yake karibu yote ni ya maji, na mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya stima, iko chini yetu.

Nikacheka. Ila ile namba ilinikaa kichwani wiki baada ya wiki, nikiwa kwenye boda, nikiwa kwenye foleni ya benki, na hasa jioni ile saa ya sigiri, majiko ya makaa, wakati uchochoro mzima wa mizigo yetu, hivi vyumba vya kupanga, unageuka ukungu na watoto wanakohoa wakicheza.

Hivi ramani inadanganya au haidanganyi? Hilo ndo lilinisumbua. Maana hakuna namba ya uongo pale.

## Mti unaota, ila kwa mwendo wake

Makaa mengi ya Hajati yanatoka upande wa Acholi, kaskazini. Ninyi mnaojua ile barabara ya Gulu mmeyaona magunia yamepangwa kando, yameshonwa juu kwa nyasi. Mei 2023 rais alitoa amri, ile Executive Order namba 3, kupiga marufuku makaa ya biashara kutoka kaskazini, kwa sababu watu wa kule walishapiga kelele miaka na miaka kwamba miti yao inaisha na faida inaliwa na wengine. Makaa hayakuisha Jinja. Yalipanda bei tu, na sasa gunia limeshapita laki moja na maskini ndo wanayanunua kwa kaveera, ambayo ukipiga hesabu ni ghali kuliko gunia.

Tanuri la udongo ninyi mnalijua, magogo yanafunikwa nyasi na udongo, yanavukizwa siku kadhaa. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni hasara yake. Kilo 100 za mti mkavu zinakupa makaa kilo 10 mpaka 20, si zaidi, kwa tanuri letu la kienyeji. Zilizobaki zimekwenda na moshi kabla hata gunia halijapanda lori. Na miti inayokatwa si mikaratusi ya kupandwa kwa biashara. Kuna mti wa shea mle, ule ambao akina mama wa Acholi na Lango wanakamua mafuta yake, mti unaochukua kama miaka 20 ndo uanze kuzaa vizuri na ukiachwa unaishi kuliko babu na mjukuu wakiunganishwa. Anayeukata leo kwa panga na msumeno anapata magunia machache. Anayeungoja mwingine uote, amngoje mwanawe akue, aoe, ajenge.

Kwa hiyo ndiyo, unaota tena.

Lakini nikajiuliza, mafuta ya petroli si nayo yanatokana na viumbe vilivyokufa zamani? Nayo yanajirudia, ni kwamba tu yanachukua mamilioni ya miaka na sisi tunayanyonya kwa miaka mia. Tofauti yao na ule mti wa shea ni urefu wa kungoja. Hapo nikaanza kuona kwamba ile mistari miwili tuliyochorewa darasani, huku jadidifu huku si jadidifu, jua na upepo na maji na kuni upande mmoja, mafuta na gesi na makaa ya mawe upande mwingine, ilitufundisha kuuliza kitu kinatoka wapi tu. Swali la unakichota kwa kasi gani hakuna mwalimu aliyeliweka kwenye mtihani.

## Hata ziwa

Watu wa Jinja wanaokumbuka 2005 na 2006 wananielewa. Ziwa Victoria lilishuka mpaka mitumbwi ikawa inakwama kwenye tope, gati za Masese na Port Bell zikabaki juu juu, stima ikawa ya zamu, leo ninyi kesho wale, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli kuokoa hali. Kila mtu alisema ukame. Na ukame ulikuwepo kweli, Ziwa Victoria linapata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, mito inaongeza kidogo tu, kwa hiyo mvua ikikosa ziwa linajua mara moja. Ila waliochambua vipimo vya maji waligundua kitu kingine: mabwawa ya Nalubaale na Kiira yalikuwa yanaachia maji mengi kuliko yale makubaliano ya tangu enzi za Waingereza, yanayosema maji yatoke kwa kiasi ambacho mto wenyewe ungeyatoa kama bwawa lisingekuwepo. Tulikuwa tunatumia ziwa kwa kasi kuliko mvua inavyolijaza. Nishati jadidifu kabisa, na tuliifilisi.

Halafu Mungu akageuza. Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi ya 1964, nyumba za ufukweni zikaingia maji. Mwezi mmoja kabla ya hapo kisiwa kizima cha matete kilichokatika huko ziwani kikaelea mpaka kwenye bwawa kikaziba mitambo, nchi nzima ikawa giza. Nyasi! Nchi nzima! Na ilikuwa ni wakati wa lokdauni, watu wamefungiwa ndani, simu hazina chaji.

Zambia wameonja zaidi yetu. Wao wanategemea Kariba na mito mingine kwa sehemu kubwa ya stima yao. Ukame wa 2024 uliposhusha Kariba mpaka maji ya kuzungusha mitambo yakabaki chini ya sehemu 1 kati ya 10, miji ikawa inakaa bila stima mchana na usiku, saa chache tu za kuchaji simu. Na watu wa Lusaka wakafanya nini? Wakarudi kwenye makaa. Ile nishati jadidifu moja ilipozimika, walikwenda kumaliza nyingine.

## Wenzetu kwenye ile ramani

Nilianza kutafuta nchi inayofanana na sisi, nikadhani nitaipata hapa hapa Afrika. Nikaipata Amerika Kusini.

Paraguay wana bwawa la Itaipu, wanamiliki nusu kwa nusu na Brazil, megawati 14,000. Ukitoa yale ya Three Gorges na Baihetan ya China hakuna bwawa duniani lenye megawati kuzidi hilo. Mkataba wao ni wa 1973, na ulisema nchi ambayo haiwezi kutumia nusu yake yote inamuuzia mwenzake. Paraguay ni nchi ndogo, kwa hiyo miaka yote sehemu kubwa ya stima yao imekwenda kuendesha viwanda vya Brazil. Na huko Paraguay kwenyewe? Kuni na makaa, jikoni na viwandani, misitu inakatwa. Kwenye ramani wapo kijani safi.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo enzi zile, aliposikia nasoma habari za Paraguay alinicheka. "Wewe hujui sisi tuliiuzia Nairobi stima hii hapa tangu mwisho wa miaka ya 50? Waya zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda Tororo, kwenda Kenya. Mama yako alikuwa anapika na nini?"

Makaa, mzee.

Kenya nao baadaye wakajitafutia. Walichimba jotoardhi kule Olkaria, mtambo wa kwanza ukawaka 1981, na sasa mvuke wa chini ya ardhi unawapa karibu nusu ya stima yao, ukame uje usije. Sisi tuna chemchemi za moto Katwe, Buranga, Kibiro. Pale Kibiro, ufukweni mwa Ziwa Albert, akina mama wanavuna chumvi kwenye ardhi ya moto toka enzi na enzi. Megawati bado sifuri.

Na Norway sasa, hao tuliowazidi kwa rangi. Norway wanauza mafuta na gesi kwa Ulaya nzima, wana mfuko wa akiba wa taifa mkubwa kuliko wote duniani, na nyumbani wanapika, wanaoga na kuota moto kwa maporomoko yao. Mtu anaweza kuwaita wanafiki, wapo wanaowaita hivo. Mi nilichokiona ni mpangilio: maji yalifika jikoni kwanza, mafuta yakaja baadaye, visima vyao vikubwa vya kwanza ni vya mwaka 1969, na stima ya maporomoko ilikuwa imeshazoeleka nyumbani. Sisi maji yalianzia viwandani na Nairobi, na sasa mafuta yanakaribia kutoka wakati jikoni bado kuna gunia.

China siwezi hata kuwaelezea. Mwaka 2024 peke yake walifunga sola gigawati 277, na Uganda nzima, mabwawa yote na kila kitu, ni gigawati 2 na kitu. Na bado wao ndo wanaochoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe ya dunia. Ukitafuta nchi safi na nchi chafu utachanganyikiwa hapo.

## Kule Hoima

Mafuta yetu yaligunduliwa 2006 upande wa Hoima, magharibi, mwaka ule ule tuliokuwa kwenye giza, mnakumbuka kejeli zilizokuwepo. Mapipa bilioni 6.5 ardhini, yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Miradi ni Tilenga ya TotalEnergies ya Ufaransa upande wa Buliisa na Nwoya, mpaka ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, Kingfisher ya CNOOC, kampuni ya China, upande wa Kikuube, na bomba la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga.

Kuna kitu kimoja cha hilo bomba ambacho sikuweza kukiacha. Mafuta yetu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lote linapashwa moto lisishuke chini ya nyuzi 50 hivi, usiku na mchana, kutoka Bunyoro mpaka Bahari ya Hindi. Na kwa upande wa Uganda mpango ni kulipasha kwa stima ya gridi. Yaani maji ya Nile, nishati yetu jadidifu, yatapasha moto mafuta ili yasigande njiani kwenda kuuzwa, na mimi nitapasha maharagwe yangu kwa mti wa Acholi.

Banange.

Nilitaka kuishia hapo, niandike makala kali ya kulaani bomba, na ingesomwa sana. Nilishaanza. Nikakwama kwenye swali moja dogo, la mtungi.

## Mtungi

Mke wa jirani yangu ana mtoto mwenye pumu. Daktari alimwambia aondoe sigiri karibu na mtoto, akawa anapikia nje, mvua ikinyesha anaingia nayo ndani, atafanyaje, chumba ni kimoja na kibaraza ndo jiko. Mwaka jana kaka yake akamnunulia mtungi mdogo wa gesi, ule wenye jiko juu yake. Moshi umeisha. Mtoto usiku analala.

Gesi ile ni ya mafuta ya ardhini. Siyo jadidifu hata kidogo. Inatoka ng'ambo, inapitia bandarini, inapakiwa kwenye malori ya dizeli. Kwenye ile ramani, kila mama anayehama kutoka makaa kwenda kwenye mtungi anaipunguzia Uganda kijani.

Wacha niseme tena maana mi mwenyewe ilinichukua muda: yule mama ametuharibia takwimu kwa kumuokoa mwanawe.

Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu kama milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto. India waliliona hilo, mwaka 2016 wakaanza mpango wa Ujjwala wa kuwapa akina mama maskini mtungi na jiko la kuanzia, wakapita familia milioni 100. Kasoro yake ikawa kujaza. Mtungi wa kwanza umepewa, wa pili unajinunulia, na wengi wakarudi kwenye kuni mtungi ukiwa umesimama kona kama pambo. Ila walianzia kwenye chungu, na mi hilo nawaheshimu nalo.

Hapa ndo msimamo wangu kuhusu Hoima uliyumba, na haujakaa sawa mpaka leo. Kiwanda cha kusafishia mafuta kinachopangwa Kabaale, mapipa 60,000 kwa siku, pamoja na mitambo ya visimani, vinatarajiwa kutoa gesi ya kupikia. Kama gesi hiyo itafika Walukuba na Gulu kwa bei ya mtu wa kaveera, basi mafuta yanayoitwa machafu yanaweza kuokoa shea nyingi kuliko amri ya rais. Kama yote itakwenda kwenye mahoteli ya Kampala na ng'ambo, basi tumechimba hifadhi bure. Watu wa mazingira watanirukia, na wana haki, hali ya hewa inaharibika kweli na sisi wa ziwani tumeshaiona. Ila nikiambiwa nichague kati ya mtungi na gunia kwa yule mtoto, sihitaji ramani.

## Na stima je?

Hili ndo swali ambalo lingetakiwa liwe la kwanza. Stima ipo. Wakati fulani imekuwa nyingi kuliko wanaoitumia, mpaka nchi ikawa inalipia umeme ambao haukutumika kwa sababu mikataba inasema ulipwe. Karuma imeongeza nyingine, kwa mkopo wa China. Kwa nini hatupiki nayo?

"Inakula token," kila mtu anakwambia hivo. Nilikwenda kwa dada yangu Mpumudde, yeye ana Yaka yake, mita ya kulipia kabla, na alinunua presha kuka ya stima, bei yake karibu magunia mawili ya makaa. Tukaloweka maharagwe usiku, asubuhi tukaandika namba ya mita kwenye karatasi, tukapika, tukaenda kuangalia tena. Haikufika hata nusu yuniti. Kwa bei ya juu kabisa ya nyumbani hiyo ni chini ya shilingi 400. Maharagwe yale yale kwa Hajati ni kaveera nzima ya elfu mbili na unabaki na makaa kidogo ya chai. Dada ananiangalia kama mtu aliyechelewa kufika harusini. "Si nilikwambia."

Sasa bei yenyewe angalieni ilivyopangwa. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja, za kumsaidia maskini. Kuanzia ya 16 mpaka ya 80 bei inaruka mara tatu. Halafu kuanzia 81 mpaka 150 inashuka tena mpaka 412, na hiyo ndo wanaiita bei ya kupikia. Aliyepanga alikuwa na nia nzuri, naamini kabisa. Lakini mtu anayeingia kwenye kupika kwa stima anatakiwa apande kwanza mlima wa yuniti 65 za bei kali ndo aifikie ile ya kupikia, na mtu wa kawaida mwenye taa, redio na simu hafiki 81 hata kwa dawa. Anayefika ni mwenye friji, pasi na hita ya maji.

Na hapo bado hatujagusa mizigo.

Mizigo yetu iko minane kwenye mita moja. Mita ni ya mwenye nyumba, anatutoza kila chumba kiasi kile kile kwa mwezi, taa, redio, chaji, basi. Pasi marufuku, jiko la stima marufuku, akisikia una hita ya chai anakuja na kelele. Mi zamani nilimuona roho mbaya. Baada ya kuisoma ile bei nimemuelewa, maana zile yuniti 15 za msaada zinahesabiwa kwa mita, si kwa familia. Familia nane tunazimaliza ndani ya siku chache za mwanzo, halafu mwezi mzima tunakula ile bei ya juu. Mwenye bangalo lake peke yake anapata 15 zake kamili. Sisi maskini nane tunagawana 15, karibu mbili kila mmoja.

Kwa hiyo wanaposema sasa tujenge Ayago, megawati 840 nyingine hapo hapo kwenye Nile ya Murchison, mi sina ugomvi na bwawa. Ila megawati hizo zitafika kwenye ile mita moja ya mizigo minane na kusimama pale pale mlangoni. Ningeanza na bei ya yuniti ya 16 na mita ya kila mpangaji, kabla ya saruji yoyote. Ni kazi ya ofisini, haina hata utepe wa kukata, pengine ndo maana.

Mwenye nyumba nimemwandikia hesabu kwenye karatasi, vyumba vinane, mita nane, kila mtu na 15 zake. Ameisoma mara mbili, akauliza nani atalipia mita. Tumesema tutachanga. Akasema basi nilete kwanza fundi aangalie waya, maana nyumba hii ilivutwa waya za taa tu, mkichomeka presha kuka nane saa moja jioni tutaungua wote. Hapo kasema kweli. Fundi anakuja Jumamosi.